Imekatika au Imekatwa?

Mchana wa Jumatano, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, nilikuwa nimeegemea kaunta ya duka la Mangi nikisubiri mkate. Kijana wa bodaboda aliyekuwa mbele yangu aliitikisa simu yake kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi.

"Mangi, mtandao umekatika?"

Mangi hakuinua kichwa. Alikuwa akihesabu chenji.

"Haujakatika," alisema. "Umekatwa."

Nimefundishwa sarufi na walimu wengi, na hakuna aliyewahi kunipa somo fupi namna ile. Aliyekulia ndani ya lugha hii anaijua tofauti hiyo kabla hajavaa sare ya shule. Mtoto aliyeangusha kikombe haji kwa mama yake akasema "nimevunja." Anakuja macho chini: "Mama, kikombe kimevunjika." Kimejivunjikia chenyewe, pale sakafuni, na yeye alikuwa anapita tu. Kamba hukatika, mvua hukatika, pumzi hukatika. Kitu kimefika mwisho wa uwezo wake na hakuna wa kushtakiwa. Kukatwa ni habari nyingine. Kukatwa kunataka kisu, kisu kinataka mkono, na mkono una mwenyewe.

Ndiyo maana wenye ofisi wanaipenda sana kauli ya kutendeka, na kila kitenzi kisicho na mtendaji. Huduma "zimeathirika." Kasi "imepungua." "Imetokea hitilafu." Ukizisoma taarifa hizo mfululizo utadhani nchi nzima ni jikoni kwa mama, na vikombe vinajivunjikia.

Nisiwaonee. Zipo siku mtandao hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu huko kusini, na Tanzania ikabaki inajikokota kwa siku kadhaa. Lakini kumbukeni ilivyokuwa. Siku ileile waziri alitoa taarifa, mikongo ikatajwa kwa majina, na makampuni ya simu yakatuma ujumbe wa kuomba radhi. Mtu ambaye hakujua kama intaneti hupita chini ya bahari alijua siku hiyo kwamba kuna meli maalumu za kuunganisha nyaya huko chini. Kilichokatika huwa na msemaji. Kilichokatwa, siku ya kwanza hakina msemaji, siku ya pili hakina, na siku ya tatu wewe unayeuliza ndiye unayeonekana mchokozi.

Sasa nieleze siku ya pili ya safari hii.

Baba yetu mdogo alifariki alfajiri ya Alhamisi. Alikuwa mgonjwa muda mrefu, na kifo chake hakikuhusiana na uchaguzi kwa namna yoyote. Alikufa kitandani kwake, amefunikwa shuka lake. Katika siku za kawaida tungejua la kufanya. Tanzia ingeandikwa kwenye kundi la ukoo, lenye watu sabini na kitu, na kabla chai haijachemka Tanga wangeshajua, Unguja wangeshajua, na Muscat, anakofanya kazi mwanawe wa kwanza, wangeshajua. Rambirambi zingeanza kuingia kwenye simu. Mtu angeuliza saa ya maziko, mwingine angejibu, wa tatu angeuliza tena lilelile.

Asubuhi ile niliandika tanzia, nikabonyeza, na kile kialama cha saa kikakaa pembeni ya maneno yangu. Kikakaa. Nikaifunga simu na kuifungua tena, kana kwamba marehemu anategemea kidole changu.

Shangazi alinitazama, akaingia chumbani, akatoka na daftari. Lilikuwa kaunta buku la zamani lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni, pembe zake zimeliwa. Ndani yake kulikuwa na ukoo mzima kwa mwandiko wake wa kulala: jina, mahali, namba ya simu. Baadhi ya namba zilianza na 0744, na juu ya tarakimu ya tatu alikuwa amepitisha kalamu nyekundu na kuandika 5, ukumbusho wa ule mwaka namba zilipobadilishwa ikawa 0754. Wengine walikuwa na msalaba mdogo pembeni. Nilidhani ni alama ya waliobadilisha namba, mpaka nilipoliona jina la bibi.

Tukakaa mkekani. Mimi nasoma, binamu zangu wanapiga. Simu za kawaida zilikuwa zinapita, mara zinagoma, mara zinapita. Shida ilikuwa salio. Kununua muda wa maongezi kwa nyota na reli kuliwezekana kwa aliyekuwa na pesa ndani ya simu. Asiyekuwa nazo alimhitaji wakala, na wakala wetu alifunga kibanda chake tangu Jumatano. Pesa zangu zilikuwa benki, na programu ya benki ilikuwa ikizungusha kile kiduara chake. Kwa hiyo tulikopeshana salio kama watu wanaokopeshana chumvi. Tulipofika Muscat tulikuwa tumebakiwa na simu moja yenye muda wa kupiga nje. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeongea. Alisalimia kirefu, kama kawaida yake, akauliza hali, akauliza kazi, akasema "mwanangu, baba yako," na simu ikafa. Salio limeisha. Hiyo, Mangi, ndiyo iliyokatika.

Yule wa Muscat alipiga mwenyewe baada ya dakika chache. Alikuwa ameshaelewa.

Tulizika Ijumaa baada ya sala, haraka haraka, kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa na amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni. Mzee aliyestahili mabasi mawili ya watu alisindikizwa na watu thelathini na kitu. Wengi wa waliokosa walikuwa hawajui. Mmoja, rafiki yake wa ujana aliyeishi mitaa mitatu tu kutoka kwetu, alipata habari siku ya Jumatatu, na mpaka leo akiniona ananisalimia kwa mkato. Namba yake haikuwamo kwenye daftari. Ilikuwa ndani ya simu ya marehemu.

Nimeanza na hili kwa makusudi, maana mjadala wa kuzima intaneti husimuliwa siku zote kama ugomvi kati ya serikali na wanaharakati. Wanasiasa wana maspika, wana magari, wana vijana wa kutuma. Mzigo unamwangukia mtu ambaye siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine: aliyefiwa, aliyepaswa kupokea oda ya samaki kutoka Mwanza, aliyekuwa anangoja picha ya karatasi ya daktari. Ukanda huu wote tumehamishia maisha ndani ya kile kisimu. Aliyeifunga barabara kumzuia mwizi ameifunga pia kwa mama mjamzito.

Lakini tuongee na siasa yenyewe, maana sitaki kujificha nyuma ya msiba.

Sababu inayotolewa huwa ni moja: uongo. Mwaka 2016 Uganda ilipofunga mitandao ya kijamii siku ya kupiga kura, tarehe 18 Februari, Rais Museveni alisema ni kwa usalama na kwamba watu wanaitumia kusema uongo. Miaka miwili baadaye aliandika kwamba mitandao hiyo imejaa olugambo, yaani umbea kwa Kiganda, na kuanzia Julai 2018 Mganda akawa analipa shilingi 200 kwa siku ili aweze kuingia humo. Kodi ya umbea! Watu wakajifunza kuikwepa, makusanyo hayakufika yalikotarajiwa, na mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti, ambayo huwezi kuikwepa hata kama hujawahi kumsengenya mtu maishani mwako.

Nakubali kwamba uongo upo. Nimeuona. Shangazi huyuhuyu mwenye daftari alinitumia wakati wa kampeni habari za wagombea waliokufa wakiwa hai, na dawa ya presha ya majani ya mpera. Lakini kama tatizo ni uongo, tazameni kalenda. Kampeni za Tanzania huenda miezi miwili. Katika miezi hiyo watu hutukanana, huzushiana wake, huzushiana magonjwa, na mtandao unawaka kila usiku. Haukatwi. Mtandao hukatwa lini?

Uganda, 2021: usiku wa kuamkia tarehe 14 Januari, siku ya kura. Ukarudi tarehe 18, matokeo yakiwa yameshatangazwa, ila Facebook haikurudi. Burundi, 2020: Facebook, Twitter na WhatsApp vilifungwa tarehe 20 Mei, siku ya kura. Kongo, 2018: watu walipiga kura tarehe 30 Desemba, intaneti ikazimwa tarehe 31, na haikurudi mpaka karibu siku 20 baadaye, wakati Mahakama ya Katiba ilipokuwa ikikamilisha kazi yake. Tanzania, 2020: Twitter na WhatsApp vilianza kukwama siku moja kabla ya kura ya tarehe 28 Oktoba, na hata kabla ya hapo mamlaka ya mawasiliano ilikuwa imeagiza makampuni yasitishe meseji za kutumwa kwa watu wengi kwa mpigo mpaka tarehe 11 Novemba. Tanzania, 2025: kuzimwa siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, kurudi tarehe 3 Novemba, siku rais aliyetangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 97 alipoapishwa Dodoma.

Uongo una msimu mrefu. Kisu kina msimu mfupi, na msimu wake ni wa kuhesabu.

Kwa nini kuhesabu? Hapa inabidi tuingie kituoni. Kura zikishahesabiwa, fomu ya matokeo husainiwa na nakala hubandikwa nje. Fomu moja, ya kituo kimoja, chini ya mwembe mmoja, haina maana kubwa: huyu 112, yule 97, zilizoharibika 4. Lakini vijana elfu moja wakizipiga picha fomu elfu moja na kuzituma mahali pamoja, hiyo inakuwa hesabu, na hesabu ya pembeni ni shahidi. Bila intaneti kila mmoja anabaki na fomu yake chini ya mwembe wake. Anaujua ukweli wa kituo chake tu, na ukweli wa kituo kimoja hautoshi kumbishia mtu yeyote.

Na kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake ni Arusha, hapahapa nchini, iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kifungu bado kipo. Maana yake ni kwamba kati ya kituo kufungwa na mshindi kutangazwa kuna siku chache tu, na siku hizo ndizo pekee ambazo neno la raia kuhusu hesabu linaweza kuwa na uzito wowote. Baada yake mlango umefungwa kisheria. Sasa angalieni tena kalenda yangu ya hapo juu.

Hili ndilo ninaloshikilia, na ningelisema hata mbele ya aliyesaini barua ya kuzima. Katika chaguzi zetu intaneti huzimwa ili watu wasijumlishe.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine, na inafaa tukae nayo kidogo. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, na kelele za mitaani wakati ule, kuhusu mitambo ya tume ya uchaguzi, zilikuwa "fungua seva." Watu ambao hawajawahi kuiona seva walitaka ifunguliwe, na walikuwa sahihi kabisa. Uchaguzi mkuu uliofuata, tarehe 9 Agosti 2022, tume ilifanya jambo ambalo mimi nililitazama nikiwa Dar na mdomo wazi: fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, kila mwenye simu azishushe. Vituo vya televisheni vikaajiri vijana wa kujumlisha. Walimu wa hesabu wakajumlisha. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa inafanya mazoezi ya kujumlisha, kila mmoja na jumla yake, na jumla hazikulingana kwa sababu kila mmoja alianzia kaunti yake.

Je, uongo ulikoma? Wapi. Ulizuka hata mkubwa zaidi: kwamba wadukuzi waliingia na kubadilisha fomu kabla hazijafika kwenye tovuti. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani. Lakini kwa kuwa fomu zilikuwepo, na nakala zake walikuwa nazo mawakala wa vyama, mahakama iliweza kuagiza zilinganishwe, na tarehe 5 Septemba ikasema hazikubadilishwa. Unaweza usiipende hukumu ile. Nina rafiki Kisumu ambaye mpaka leo hataki kuisikia. Lakini anabishana na karatasi. Mimi nabishana na ukimya. Kubishana na karatasi kuna mwisho wake.

Wala sisemi Kenya ni peponi. Januari 2018 walizima vituo vya televisheni kwa sababu ya kiapo cha kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, kule Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kupinga Muswada wa Fedha, intaneti ilidorora ghafla, siku moja tu baada ya mamlaka yao kutamka kwamba haina mpango wa kuizima. Ilidorora. Kitenzi kisicho na mtendaji tena.

Nirudi kwenye kisu chenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani kuna swichi moja kubwa ukutani, mzee mmoja ameketi karibu nayo. Hakuna. Kuna makampuni machache yenye leseni, na leseni ina masharti, na mojawapo ya masharti ni kutii maagizo. Barua ikifika, mafundi hufanya kazi. Kazi hiyo ina daraja zake. Ya kwanza ni kuziba mtandao mmoja: ukitaja jina la mtandao wa X, lango linakugomea, kama ilivyofanyika Tanzania Mei 2025. Hapo ndipo VPN, programu ya kulikwepa lango hilo, ilipopatia umaarufu wake. Mwaka 2020 fundi simu wa mtaani kwetu alikuwa akiwawekea watu VPN kwa shilingi elfu moja, na akina mama wa upatu waliitamka vi-pi-eni kana kwamba ni aina mpya ya kitenge. Oktoba 2023 mamlaka ikataka wanaoitumia waiandikishe. Ya pili ni kubana: mtandao upo, ila unapita kwa tone. Hii ndiyo ya ujanja kuliko zote, maana unailaumu simu yako. Unaizima, unaiwasha, unatoa laini, unaipuliza, unairudisha. Unadhani imekatika. Ya tatu ni kuzima kabisa, na hapo VPN haifui dafu. VPN ni njia ya panya. Hata panya anataka ardhi ya kupita.

Watu wa Goma walikuwa na ardhi. Wao wanaishi mpakani, na Gisenyi ya Rwanda iko ng'ambo ya barabara tu. Kongo ilipozima intaneti, waliokuwa na laini ya Rwanda waliisogelea mipaka, wakainua simu juu, wakakamata mawimbi ya jirani. Huwa nawaza picha ile: watu wazima wamesimama kwenye mstari wa nchi yao wakiomba habari za nchi yao kwa jirani. Sisi wa Dar tuna bahari. Samaki hawauzi vifurushi.

Mtu atasema: wewe unaandika hivi kwa sababu hujaona uongo unavyoua. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo pekee inayoninyima usingizi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya ilipoteza watu zaidi ya 1,100, na meseji za chuki zilikuwa zikisambaa simu hadi simu kabla hatujajua WhatsApp ni nini. Serikali ilifikiria kuzima meseji zote. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, aliishawishi isizime, badala yake kampuni ikawatumia wateja wake wote meseji za kuomba amani. Na katika wiki hizohizo Wakenya wachache waliokuwa hawapati habari kwenye televisheni, kwa kuwa matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku, walitengeneza ramani ya kwenye mtandao ambayo mtu yeyote angeweza kutuma kwa meseji alichokiona: hapa nyumba inaungua, hapa barabara imefungwa, hapa kuna wakimbizi. Wakaiita Ushahidi. Sasa inatumika duniani, kwenye matetemeko na mafuriko, na wageni wanaitamka hivyohivyo kwa Kiswahili bila kujua maana yake.

Katika moto uleule, mmoja alipendekeza giza na mwingine akaleta taa. Nyumba ziliungua bado, sikatai. Lakini ukizima taa nyumba haziachi kuungua. Wanaacha kuziona walioko mtaa wa pili.

Na giza lina redio yake. Hizo siku tano za mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba redio mbao ilirusha matangazo saa 24. Niliambiwa pale dukani, na watu watatu tofauti, mambo matatu tofauti kuhusu daraja moja. Niliambiwa viongozi fulani wamekimbia, kisha nikaambiwa walewale wamekamatwa, kisha nikamsikia mmoja wao redioni akitoa salamu. Sikuwa na namna ya kumwonyesha mtu kwamba anakosea, kwa sababu picha, tarehe, sauti, kila ambacho huwa natumia kumkanusha shangazi, kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Wanaosema wanazima ili kuua uvumi wanaupalilia. Watu walikufa siku zile, katika ghasia za uchaguzi. Hilo halina ubishi, hata Rais alilikiri bungeni. Ni wangapi, ndilo linalobishaniwa hadi naandika sura hii, na sehemu ya ubishi huo imezaliwa na zile siku tano ambazo kila mtu aliona kipande chake na hakuna aliyeweza kukiunga na cha mwenzake. Kujumlisha tena. Hata wafu wanahitaji mtu wa kuwajumlisha.

Kisu cha siku tano, hata hivyo, ndicho kidogo. Kuna kingine cha miaka kumi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zikaja 2018, na mwenye blogu akatakiwa kulipia leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili. Nawajua watu waliokuwa wakiandika habari za mapishi na mpira walioamua kufunga kabisa, bila kuagizwa na mtu. Septemba 2025, zikiwa zimebaki siku 53 kufika kwenye uchaguzi, leseni ya jukwaa la mijadala la JamiiForums ilisitishwa kwa siku 90. Haya yote yana majina na tarehe, unaweza kuyaandika. Lisiloandikika ni lile linalotokea baadaye kwenye kidole cha mtu. Unaanza sentensi, unaisoma kwa macho ya askari, unaifuta. Mwaka wa kwanza unafuta sentensi. Mwaka wa tatu huanzi hata kuiandika. Mwaka wa saba mtu akikuuliza maoni yako unajikuta huna, kweli huna, na unadhani umekua.

Mimi mwenyewe sura hii nimeiandika mara nne. Ile ya kwanza ilikuwa fupi na nzuri zaidi.

Jumatatu ile, tarehe 3 Novemba, intaneti ilirudi jioni. Nilikuwa nakaanga vitumbua vya khitma simu ilipoanza kutetemeka juu ya meza. Kabla sijafungua kundi lolote, nikakuta meseji ya polisi, ile tuliyotumiwa wengi, ikituonya tusisambaze picha au video za kuleta taharuki. Kisha yakaja yale ya siku tano kwa mpigo: pole, tanzia yangu, pole, pole, tangazo la mtu anayeuza kiwanja Kigamboni, pole.

Kijana wa Muscat aliandika: "Shikamooni wote. Nawashukuru kwa kumsitiri baba. Kulikuwaje huko siku zile?"

Juu ya skrini ikaonyesha mtu anaandika. Ikaacha. Mwingine akaanza kuandika, akaacha. Mimi niliandika mistari kama kumi, nikaisoma, nikaifuta yote, nikarudi kwenye vitumbua vyangu.

Aliyejibu ni Shangazi, kwa sauti. Alikuwa ameketi karibu nami na daftari lake mapajani. Aliileta simu mdomoni kama anavyofanya, utadhani anakunywa maji.

"Marahaba mwanangu. Huku kulikuwa na upepo kidogo. Umepita."

Muscat ikakaa kimya muda mrefu. Kisha:

"Haya Shangazi. Na madirisha, yapo yote?"

"Yapo," alisema. "Limetoka lile moja unalolijua."

Akaiweka simu chini, akafungua daftari kwenye ukurasa wa mwisho, akaniambia niandike namba ya yule mzee wa mitaa mitatu.